Sanduku la Walimu na Kukamatwa kwa Baba Mdogo

Kariakoo, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, kwa kuwa najua amekaa ubavuni pako akingoja umsomee, na kabla hujafika nusu ya ukurasa atakuambia usome polepole. Habari za huko mlimani? Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa ukitoka asubuhi kukata majani ya ng'ombe? Kahawa imechanuaje mwaka huu? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu kwa hilo. Nakula kinachopatikana, nakwenda kazini, Jumapili nakwenda kanisani. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, na mpaka ninapoandika haujapona sawasawa.

Nimeshika kalamu kwa haraka kwa sababu nimesikia kuwa mtu wa kwetu aliyepanda basi la Moshi amefika huko na maneno. Kwamba ndugu yako amekamatwa na meno ya tembo. Kwamba alikuwa jangili wa siku nyingi, na duka lilikuwa kifuniko tu. Baba, kukamatwa alikamatwa kweli, hilo sitakuficha. Lakini hayo mengine sivyo yalivyokuwa, na nataka uyasikie kwangu, kwa maana yaliyompata Baba Mdogo yaliingia nyumbani kwake kwa mikono yangu mimi. Ukishasoma, tafadhali mwite Mama Mdogo umsomee naye. Yeye ndiye mwenye mume, na najua hayo maneno yamemfika kabla yako. Mwambie tangu sasa kuwa mumewe yuko nje, amekaa dukani, mbele ya nyumba hii ninapoandikia. Namsikia akipanga viberiti.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu ya huku. Nilipohamishwa kutoka shule yetu niliandika tu kuwa ni kazi ya hifadhi, nawe ukadhani nachunga wanyama. Kituo chetu kiko karibu na Posta. Ni ukumbi ambao wageni wanaotaka kwenda kwenye mbuga na misitu ya serikali hupitia kwanza, wakatazama ramani na picha na kuuliza njia. Siku hizi wageni hao ni wachache, petroli yenyewe haipatikani. Lakini nyuma ya ukumbi kuna chumba cha walimu, na hicho ndicho nilicholetwa kukisimamia. Mwalimu wa Dar es Salaam ana darasa limejaa hadi mlangoni, watoto ambao hawajaona mnyama mkubwa kuliko mbuzi wa jirani, na hakuna gari la kuwapeleka mbugani. Basi mwalimu anakuja kwangu, tunakaa namfundisha namna ya kufundisha, kisha namwazima sanduku.

Ndani ya sanduku mna fuvu la ngiri, pembe za swala, kwato, manyoya ya mbuni, nyayo za simba na fisi nilizozimimina mwenyewe kwa plasta, na mavi makavu ya tembo ambayo watoto huyapenda kuliko vyote. Mna kadi za picha nilizozibandika kwenye maboksi ya zamani kwa uji wa muhogo, maana gundi imepotea madukani. Na mna vitu viwili ambavyo serikali iliwanyang'anya majangili ikatukabidhi tufundishie: ngozi nzima ya chui, na jino dogo la tembo. Nikiikunjua ile ngozi darasani, Baba, hata watoto watundu hunyamaza. Namwambia kila mmoja aje aiguse, kisha nawauliza ni nani alikuwa na haki ya kumvua chui nguo yake. Somo lote liko hapo.

Masika yalipoanza, paa la chumba chetu likavuja, na maji yakaingia ndani ya sanduku. Ngozi ikaanza kunuka na manyoya yakawa yanatoka ukiyavuta. Nilimwita mkuu wetu wa kituo, akatazama dari, akatazama ngozi, akaniambia nilichukue sanduku zima nyumbani nikalianike mpaka paa litengenezwe. Alisema kwa mdomo tu, amesimama mlangoni, huku anafunga kifungo cha shati. Sikuona ubaya. Yeye pia hakuona. Dereva alikuwa bado anapata mafuta siku hiyo, akanifikisha Kariakoo na sanduku langu.

Baba Mdogo anapanga kwa Bi. Mwanakombo, mama wa Kizaramo aliyezaliwa humu humu mjini, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Chumba cha mbele ndicho duka, cha nyuma yake analala Baba Mdogo, na mimi niko upande wa uwani. Nilipaka chumvi na majivu upande wa ndani wa ile ngozi, nikaitundika chini ya ukingo wa bati isipigwe na jua kali. Bi. Mwanakombo alicheka, akasema hata chui sasa amekuja Kariakoo kupanga foleni ya mchele. Baba Mdogo hakucheka. Alipita pale kichwa amekigeuza, kama mtu anayepita mbele ya msiba wa watu asiowajua. Aliniambia mnyama aliyekufa hivyo siku zote ana mwenyewe anayemtafuta. Akaniomba ikikauka tu niifungie sandukuni, sanduku likae chumbani kwangu, asilione tena. Nikafanya hivyo. Tangu hapo hakuuliza mna nini kingine mle ndani.

Kisha ikaja ile operesheni ya walanguzi. Nyinyi mliisikia redioni. Sisi tuliiona mlangoni. Sijui nikueleze vipi Kariakoo ilivyokuwa. Watu walitupa vitu ambavyo jana yake walikuwa wakivipigania. Nimeona sukari imemwagwa kwenye mfereji mpaka nyuki wakaja. Nimeona bunda la khanga, mpya kabisa, limeachwa katikati ya njia, na watu wanalizunguka kama linauma. Askari na mgambo walipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, balozi wa nyumba kumi akitangulia kuonyesha milango. Muuza vitambaa wa mkabala nasi alichukuliwa asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi, na mkewe alikiokota kile kikombe, akakiosha, akakirudisha mahali pake.

Baba Mdogo hakuwa ameficha kitu. Naapa kwa hilo, Baba. Alikuwa na maboksi machache ya sabuni aliyoyapata kwa njia halali, akayauza yote kwa siku moja, mche mmoja kwa mtu, milango wazi, ili asibaki na chochote cha kuulizwa. Lakini woga hauulizi kama una kosa. Aliacha kula. Gari likisimama nje alikuwa anashika meza ya duka kwa mikono miwili na kusubiri. Jioni moja akaja kusimama mlangoni kwangu, hakuingia, akasema: "Aikande, lile sanduku."

Nilimwambia kesho yake ningelipeleka. Asubuhi nikaenda kazini kumwomba mkuu gari, na kama gari hakuna, basi aniandikie kikaratasi cha kuonyesha njiani. Alifunga mlango kabla sijamaliza.

"Sanduku gani?" akauliza.

Nikamkumbusha: lile la chui na jino, uliloniambia nikalianike.

Akageukia dirishani. Akasema hakuniambia nikalilaze Kariakoo, mahali ambapo nchi nzima inapatazama. Kuhusu kikaratasi akasema hawezi kuweka jina lake juu ya karatasi ya meno ya tembo, si wakati huu. Nilirudishe mwenyewe, na lirudi kabla wakaguzi wa mali ya serikali hawajafika, maana likikosekana jina lililo juu ya chumba kile ni langu. Baba, simchukii. Ana watoto, na alikuwa anaogopa kama Baba Mdogo. Lakini nilitoka pale nikiwa sina mtu.

Nyumbani nilimweleza Baba Mdogo yote. Akasema tulichome sanduku jikoni kwa Bi. Mwanakombo, tuseme halikuwahi kuwepo. Nikamwambia likipotea mimi ni mwizi wa mali ya serikali. Likikutwa hapa, yeye ndiye mpangaji mwenye duka, na nani ataamini kuwa mfanyabiashara wa Kariakoo ana jino la tembo kwa ajili ya watoto wa shule? Akainuka. Halafu akanitakia usiku mwema kwa Kichaga, jambo ambalo halifanyi, maana huku siku zote tunasema Kiswahili.

Asubuhi nilikwenda bombani. Niliporudi na ndoo, mlango wa chumba changu ulikuwa wazi na sanduku halipo. Bi. Mwanakombo alikuwa anapepeta mchele uwani. Akaniambia bila kuinua kichwa kuwa Baba Mdogo ameazima mkokoteni wa mpagazi wa jirani, amepakia kitu, amekifunika magunia, ameelekea Jangwani. "Nilimwita hakugeuka," akasema. "Kimbia, mwanangu. Mtu asiyegeuka akiitwa hajui anakokwenda."

Nilikimbia, Baba, mimi mtu mzima, khanga inanidondoka njiani. Jangwani maji yalikuwa yamejaa bondeni, mekundu kwa matope, na watu wengi walikuwa wameshatangulia kutupa vyao. Magunia na makopo yalikuwa yanaelea. Nikamwona Baba Mdogo mahali njia inapoteremkia majini. Alikuwa amelishusha sanduku, amelikalia.

Nilipofika hakusimama. "Nimelisukuma mpaka hapa, mikono ikakataa," akasema. "Nikilitupa unafungwa wewe. Nikilirudisha nafungwa mimi. Basi nimekaa hapa nachagua."

Nikakaa naye juu ya sanduku. Nikasema tusilitupe wala tusilirudishe. Twende nalo moja kwa moja kituoni Posta, sasa hivi, mchana kweupe, na magunia tuyaondoe, kwa sababu kilichofunikwa ndicho kinachosimamishwa. Akakubali magunia yaondoke, ila akaweka sharti moja: nisitembee pamoja naye. Nitangulie mbele nitazame njia, na nikiona mgambo nikohoe. Nilibisha, akasema hatasukuma mpaka nitangulie. Unamjua ndugu yako akishasema.

Tukapita Kariakoo hivyo, mimi mbele yeye nyuma, na kila hatua nilihisi watu wote wananitazama mgongoni. Mtaa wetu tukaupita. Soko tukalipita. Nikaanza kuomba moyoni nikishukuru mapema. Tulipokaribia viwanja vya Mnazi Mmoja, mgambo hawakutoka mbele nilikokuwa natazama, walitoka uchochoroni nyuma yangu. Nilisikia mkokoteni umenyamaza. Nilipogeuka walikuwa wamekwishamzunguka, mmoja ameinua kifuniko na ameshika jino la tembo juu, kila mtu alione.

Nilianza kurudi. Baba Mdogo akaniona. Akasema kwa sauti kubwa, yeye ambaye dukani wateja humwambia aongeze sauti: "Ni langu. Nimelinunua mimi. Niko peke yangu."

Mgambo mmoja akanionyesha kidole, akamuuliza na yule dada je? Baba Mdogo alinitazama machoni, akasema hanijui.

Miguu yangu ilisimama pale pale. Nilitaka kusema, sikusema. Watu walikuwa wamejaa, wanamwita mhujumu, mama mmoja akamtemea mate kwenye shati. Wakamwondoa, yeye mwenyewe akisukuma mkokoteni wenye kosa lake, amepinda mgongo, hakugeuka tena.

Niliporudiwa na akili nilikwenda kwa mkuu wangu. Nikaambiwa ametoka, na hakuna ajuaye atarudi lini. Nikasimama barabarani nikajiuliza ni nani katika mji huu anajua lile sanduku ni la nini. Ni walimu. Basi nikazunguka shuleni kwa walimu niliowaazima sanduku. Wa kwanza alinisikiliza vizuri, kisha akasema ana watoto wadogo, nimsamehe. Wa pili alisema yeye hakumbuki ngozi ya chui, anakumbuka pembe tu. Nami nilikuwepo darasani kwake siku alipoivaa mabegani watoto wakashangilia. Sikumlaumu. Siku zile kila mtu alikuwa anapunguza vitu anavyovikumbuka.

Wa tatu, Mwalimu Rehema, nilimkuta darasani anafundisha hesabu. Ni mama mnene, mwenye sauti nzito, mwenyeji wa pwani hii, mumewe ni mvuvi. Nilimweleza dirishani, nikilia bila kutaka. Akawaandikia watoto kazi ubaoni, akapangusa chaki mikononi, akasema: "Twende sasa hivi, kabla sijapata nafasi ya kuogopa."

Kituo cha polisi kilijaa. Wenye maduka wamekaa chini wameegemea ukuta, wake zao nje wameshika vyakula vilivyopoa. Harufu ya jasho na mafuta ya taa yaliyokamatwa ilikuwa nzito. Tulingoja mpaka nikaanza kutamani tusiitwe kabisa. Tulipoitwa, afande mkubwa alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, hakutukaribisha kuketi. Nilisema yote kutoka paa lililovuja mpaka Mnazi Mmoja. Nilipomaliza aliniambia mzee ameshakiri mwenyewe, tena hajapigwa, kuwa sanduku ni lake na hana mwenzake. "Kwa hiyo mmoja wenu ananidanganya," akasema, "na kudanganya hapa ni kosa la pili."

Akaagiza aletwe. Baba, sitaki kukueleza alivyokuwa. Walikuwa wamemvua mkanda na viatu, suruali ameishika kwa mkono. Aliponiona alifunga macho.

Sanduku lilikuwa mezani, limefungwa. Afande akamuuliza ndani ya sanduku lake mna nini.

"Ngozi," akasema Baba Mdogo.

"Ya mnyama gani?"

"Simba."

"Na nini tena?"

"Meno. Meno mengi."

"Uliyapata wapi?"

"Porini."

"Pori gani, mzee?"

Baba Mdogo alitafuta, nikamwona anavyotafuta, mtu aliyetoka mgombani akaingia dukani na hajapata kulala porini hata siku moja. "Pori la huko kwetu," akasema. "Moshi."

Afande akafungua sanduku, akaitoa ile ngozi ya chui, akaitandaza mezani. Akatoa jino, moja tu. Akatoa mavi ya tembo, akayanusa, akayaweka. Akatoa kadi zangu zenye maandishi makubwa ya watoto wa darasa la tatu. Kisha akamtazama Baba Mdogo, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee, unakiri mali usiyoijua. Kwa nini?"

Baba Mdogo alikuwa anatazama sakafu.

"Huyu nimeletewa na kaka yangu," akasema. "Nitamwambia nini?"

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema, Baba. Sikuongeza.

Usidhani aliachiwa hapo. Afande alisema yeye ameshaelewa, lakini jino la tembo haliondoki kituoni kwa kuelewa kwake. Aje mwenye mali, na mwenye mali ni serikali, kwa hiyo mkuu wangu aje aseme kwa kinywa chake. Mimi akaniambia nirudi nyumbani, na nisitoke mjini. Baba Mdogo wakamrudisha ndani. Zile siku alizokaa mle ndizo zilizonizeesha. Bi. Mwanakombo alipika, mimi nikapeleka, na chakula mara kinapokewa mara kinarudishwa. Tulisikia wengine wanahamishwa usiku kupelekwa mbali na jamaa zao hawaambiwi. Kila asubuhi nilikwenda nikiogopa kuambiwa jina lake halipo. Duka nililifunga. Mtu aliandika neno baya mlangoni kwa mkaa, Bi. Mwanakombo akalifuta kwa maji na sabuni yake ya mwisho.

Mkuu wangu alikuwa bado "ametoka." Ni Mwalimu Rehema aliyemtoa. Alikusanya walimu wengine wawili, mmoja wao yule aliyekuwa hakumbuki ngozi, wakaenda kituoni kwetu asubuhi, wakakaa kwenye mabenchi ya wageni chini ya ramani ya mbuga. Hawakugombana na mtu. Walipoulizwa shida yao walisema wamekuja kuazima sanduku la chui, watangoja. Mchana ukapita wamekaa. Siku ya pili wakaja tena na madaftari yao wakasahihisha kazi za watoto pale pale. Siku hiyo mkuu alitoka ofisini mwake, kumbe alikuwemo, akavaa koti, akawaambia: "Haya, twendeni." Midomo yake ilikuwa myeupe. Mbele ya afande alisema sanduku ni la kituo, ngozi na jino ni vya serikali, na kuwa ni yeye aliyetoa ruhusa liende nyumbani. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema. Nami namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kama asingeogopa.

Baba Mdogo walimpa viatu vyake, mkanda ulikuwa umepotea. Tulitembea mpaka nyumbani. Alipofika aliomba maji, akanywa, akauliza kama mkokoteni wa mpagazi umerudishwa. Ndilo jambo la kwanza alilouliza.

Hakushtakiwa. Jina lake si chafu mahali popote isipokuwa midomoni mwa watu. Lakini sitakudanganya kuwa mambo yamekwisha. Amekonda. Anafungua duka ubao mmoja tu, na mteja akiingia ghafla hushtuka. Mimi pia gari likipunguza mwendo nje naacha kuandika. Katika barua hii nimeacha mara kadhaa, utaona wino ulipokatika. Watu bado wanachukuliwa. Yule muuza vitambaa hajarudi, na mkewe ameanza kuuza samani. Wapo wanaosema hao wote ni wezi na wamepata haki yao, na labda wengine ni wezi kweli. Sijui, nimeacha kuwa na uhakika na watu niliokuwa nawahukumu kwa urahisi.

Sanduku limerudi Posta. Paa limezibwa kwa bati la zamani. Jumamosi iliyopita nilikuwa na walimu ukumbini, wengi kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imeenea. Niliogopa kuifungua ile ngozi. Nilianza na nyayo, nikaenda kwenye pembe, nikazungukazunguka. Ndipo nikamwona Baba Mdogo ameingia, kofia mkononi, amekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuwahi kufika kazini kwangu hata mara moja. Basi nikaikunjua, nikawaambia walimu waje waiguse kama wanavyotaka watoto wao waiguse. Wakaja mmoja mmoja. Mwishoni akaja na yeye. Aliweka kiganja juu ya bega la yule chui akakaa hivyo muda, halafu akaniuliza polepole madoa yale yanaitwaje, na kama chui anazaliwa nayo. Nikamjibu kama ninavyowajibu wengine.

Mwalimu mmoja kijana, mgeni kwetu, aliinama akaninong'oneza mzee huyu anafundisha shule gani. Nikamwambia hafundishi, ni baba yangu. Nisamehe, Baba. Nilijaribu kuongeza lile neno "mdogo", halikutoka.

Mwandikie ndugu yako, hata mistari miwili. Hajaniomba nikuambie hivyo, na ukimwambia nimekuambia atanifokea.

Msalimie sana Mama Mdogo na watoto wake, umshike mkono kwa niaba yangu. Shangazi anayekaa karibu na kanisa mpe shikamoo yangu, na umwambie asiyaamini ya kwenye basi. Kaka mkubwa na shemeji yangu nawasalimu, na mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani; mwambie plasta aliyonipa ndiyo iliyomimina nyayo za simba zinazofundisha Dar es Salaam. Mchungaji mwombe atutaje katika sala bila kusema sababu mbele ya watu. Mama, usilie, nimekwisha kulia kwa ajili yetu wote.

Nafunga hapa kwa sababu Baba Mdogo ananiita tukale.

Ni mimi binti yako, niliye chini ya paa la ndugu yako,

Aikande